Kabla ya kufuta tarakilishi, ijaribu kwanza flashi

Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi hukosi tarakilishi moja iliyostaafishwa. Utaikuta juu ya kabati, au chini ya kitanda ndani ya mkoba wake, waya wa chaji umeizunguka kama kamba ya mbuzi. Ukiuliza ina nini, utaambiwa, "Hiyo ilikufa kitambo." Ukiuliza ni nani aliyeipima na kuthibitisha kifo hicho, hutapata jibu.

Mimi nimefikia kuamini kwamba nyingi kati ya tarakilishi hizo hazikufa. Zilizirai tu. Mwili wake ni mzima: kioo kinaonyesha, bodi inapitisha umeme, feni inazunguka. Kilichovurugika ni ule mfumo unaoziendesha, yaani programu kuu ambayo bila yake tarakilishi ni sahani tu yenye vibonyezo. Na dawa ya kumzindua mgonjwa wa aina hii ni kifaa kisichozidi urefu wa kidole gumba.

Naam, nazungumzia flashi. Sisemi flashi ya kubebea nyimbo na filamu, la hasha. Nasema flashi iliyoandaliwa kwa namna ambayo tarakilishi inaweza kuwakia kutoka kwayo, hata kama mfumo ulio ndani ya diski yake umeharibika kabisa. Mafundi wa jijini huwa nazo kadha wa kadha mifukoni, na wapo wanaozificha kama mganga anavyoficha mkoba wake. Leo, msomaji wangu, nataka tuufungue mkoba huo tuone kilichomo, kwa maana mwaka 2025 ulinusuru kitu ambacho familia yetu isingekinunua kwa pesa yoyote.

Kilichokuwa hatarini

Mpwa wangu, bintiye dada yangu, husomea katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na wakati wa muhula hukaa kwetu. Laptopu yake alinunuliwa na mamaye kwa pesa za chama, ikiwa tayari imeshatumika ng'ambo kwa miaka kadhaa. Kwa msichana yule, hiyo ndiyo iliyokuwa jembe lake.

Usiku mmoja wa Septemba 2025, laptopu ikiwa katikati ya kujisasisha, stima zikapotea. Betri yake ilikuwa imechoka, haikuhimili hata dakika tano. Stima ziliporudi, tarakilishi iliwaka, ikaonyesha nembo, ikaonyesha skrini ya buluu yenye maneno ya kuomba radhi, ikazima, kisha ikawaka tena. Ikawa ni mzunguko huo huo hadi kulipopambazuka.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja katikati ya jiji. Alikuwa kijana mwenye adabu na mikono myepesi. Aliitazama kwa dakika mbili tu kisha akatoa hukumu.

"Hapa ni kufuta kila kitu tuweke Windows upya. Elfu mbili na mia tano tu. Jioni mnakuja kuichukua."

"Na faili zangu?" mpwa wangu akauliza.

"Hizo zitaenda, dadangu. Lakini si una nakala mahali?"

Nakala hakuwa nayo. Ndani ya diski ile mlikuwa na sura nne za mradi wake wa kumalizia shahada, pamoja na majibu ya hojaji alizokuwa amezunguka nazo kutoka mlango hadi mlango kwa wiki tatu. Hilo peke yake lilitosha kumtoa mtu machozi. Lakini palikuwa na jambo zito zaidi. Desemba 2021, tulipokuwa nyumbani mashambani kwa sikukuu, msichana huyu aliketi na nyanya yake, ambaye ni mama yangu mzazi, akamrekodi kwa simu kwa zaidi ya saa mbili. Bibi kizee yule alitaja majina ya mababu hadi kizazi cha saba. Alieleza ni mtoto yupi alizaliwa mwaka wa njaa ipi, na akaimba nyimbo za arusi ambazo sisi wanawe hatuzijui hadi mwisho. Simu ile ilinyakuliwa dirishani mwa matatu mwaka uliofuata. Mama naye alituacha mwaka 2023. Nakala pekee ya sauti yake iliyosalia duniani ilikuwa ndani ya laptopu ile.

"Mjomba," msichana akaninong'oneza tukiwa bado tumesimama mbele ya meza ya fundi, "nikikubali ifutwe, nitamwambia nini mama?"

Sikuwa na jibu. Nilimshukuru fundi, tukairudisha laptopu mkobani, tukapanda matatu ya kwenda nyumbani.

Simlaumu kijana yule. Juu ya meza yake palikuwa na tarakilishi zaidi ya kumi zikisubiri zamu, na kodi ya kibanda haingojei mtu. Kuokoa faili ni kazi inayoweza kula saa nyingi, na wateja wengi hawakubali kuilipia. Hata hivyo, mwenye kufuta hahisi uzito wa kinachofutwa. Uzito huo hubaki kwa mwenye mali.

Jinsi tarakilishi inavyoamka

Nilipoanza kazi ya ukarani katika miaka ya tisini, kila ofisi yenye tarakilishi ilikuwa na disketi moja iliyohifadhiwa kwenye droo ya mkuu wa idara. Disketi ile ilibeba megabaiti 1.44 tu, kiasi ambacho leo hakitoshi hata picha moja ya simu. Lakini mashine ikikataa kuwaka, uliitia disketi ile mlangoni, ukawasha, na mashine ikaamka kutoka hapo. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, waliokosa kifaa cha kusomea sidii waliinunua katika disketi 13, na ulilazimika kuketi hapo ukizibadilisha moja baada ya nyingine kama mtu anayelisha watoto mapacha.

Flashi ziliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2000. Moja ya zile za mwanzo, iliyouzwa na IBM kule Marekani, ilibeba megabaiti 8. Flashi ya gigabaiti 16 ambayo leo ni ya kawaida madukani inabeba mara elfu mbili ya hiyo. Disketi zimekwenda zao, lakini kanuni ya droo ile haijabadilika hata kidogo, na ndiyo iliyonijia akilini ndani ya matatu siku ile.

Kanuni yenyewe ni hii. Tarakilishi inapowashwa huwa haijui chochote. Haijui Windows ni nini, haijui jina lako wala neno lako la siri. Kitu pekee kilicho macho ni programu ndogo iliyochomwa ndani ya kijisahani kwenye bodi yake. Katika mashine za zamani programu hiyo huitwa BIOS, na katika za karibuni huitwa UEFI. Kazi yake ni kukagua kama kumbukumbu ipo, kama kibodi ipo, kisha kutafuta mahali ambapo mfumo kamili umelala ili iuamshe. Ni kama mtoto mchanga anayeamka asubuhi: humtafuta mama kitandani, asipomwona humwendea shangazi jikoni.

Kwa kawaida mahali pa kwanza kutafutwa ni diski ya ndani. Lakini ukiiambia, "Leo anzia kwenye flashi," itakutii. Mfumo utaamka kutoka kwenye flashi, utakaa ndani ya kumbukumbu ya muda, na diski ya ndani haitaguswa mpaka wewe mwenyewe uiguse. Hapo ndipo ilipokuwa tumaini letu. Mlango wa mbele ulikuwa umekwama, ila vitu vya ndani huenda vilikuwa vizima. Tulihitaji dirisha la kupitia tu.

Pakiti ya unga si ugali

Kesho yake tulikwenda saiba ya mtaani kwetu, mpwa wangu na mimi, tukiwa na flashi mbili mpya: moja ya gigabaiti 16 ya kuwashia, na nyingine kubwa zaidi ya kuhifadhia faili. Mashine ya kutengenezea flashi si lazima iwe yako. Yatosha iwe nzima, iwe na mtandao wa kasi, na mwenyewe akuruhusu.

Tulichagua mfumo uitwao Linux Mint, kwa sababu mbili. Kwanza, unapakuliwa bila malipo na kwa idhini kamili ya waliouandika. Pili, ukiuwasha kutoka kwenye flashi unaweza kuutumia papo hapo, ukafungua faili, ukasikiliza sauti, ukaingia mtandaoni, bila kusakinisha chochote. Faili yake ni moja kubwa ya karibu gigabaiti 3, na jina lake huishia kwa herufi za ISO.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hivyo nisikilize vizuri. Ukiichukua faili hiyo ya ISO na kuinakili tu ndani ya flashi kama unavyonakili wimbo, tarakilishi haitawaka kutoka kwayo hata ukeshe. Pakiti ya unga haiwi ugali kwa kuwekwa juu ya jiko. Faili ya ISO ni sura kamili ya diski iliyofungwa ndani ya pakiti moja. Lazima ifunguliwe na kupangwa ndani ya flashi kwa utaratibu ambao BIOS au UEFI inautambua, pamoja na kile kipande kidogo cha programu ambacho mashine hukitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Kazi hiyo hufanywa na programu maalumu. Tulitumia iitwayo Rufus, ambayo ni ndogo sana, hupatikana bure, na hutumika ndani ya Windows bila hata kusakinishwa. Programu nyingine ijulikanayo kwa kazi hiyo ni balenaEtcher. Kabla ya kuanza tulihakikisha kwamba faili tuliyoipakua ni kamili. Tovuti ya wenye mfumo huandika alama ya utambulisho ya kila faili, mfululizo wa tarakimu na herufi 64, na Windows ina amri yake iitwayo certutil inayoweza kuipiga hesabu hiyo upya kwenye faili uliyo nayo. Herufi moja ikitofautiana, faili imeharibika njiani au imechezewa, na haifai. Mpwa wangu alizisoma kwa sauti, mimi nikizifuata kwa kidole, kama watu wanaohesabu noti za harusi. Zilikuwa sawa.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Ndani ya Rufus huchagua flashi yako, huchagua faili ya ISO, huacha mengine kama yalivyopendekezwa, kisha hubonyeza kitufe cha kuanza. Programu hukuonya kwamba kila kilichomo ndani ya flashi kitafutwa. Onyo hilo si la mapambo. Kama umechomeka flashi mbili kwa pamoja, angalia majina na ukubwa wake kabla ya kukubali, la sivyo utafuta harusi ya watu. Sisi tuliacha ile ya pili mfukoni hadi mwisho. Dakika kama kumi hivi zikapita, na flashi yetu ikawa tayari.

"Huyo ni mama"

Nyumbani tuliichomeka flashi kwenye laptopu ikiwa imezimwa. Kila kampuni ina kitufe chake cha kuifungulia orodha ya mahali pa kuwakia. Kwenye mashine nyingi za Dell na Lenovo ni F12, na kwenye HP hubonyezwa Esc kisha F9. Kitufe hubonyezwa mara kadhaa punde tu baada ya kuwasha, kabla nembo haijatoweka. Mpwa wangu alibonyeza kama anayepiga marimba. Orodha ikatokea, jina la flashi likiwa la pili. Akalichagua.

Kwa nukta kadhaa skrini ilikuwa nyeusi na hakuna aliyepumua. Kisha ukaonekana uwanja safi, wenye vialama vichache na mshale unaotii kidole. Laptopu iliyohukumiwa ilikuwa imeamka.

Tulifungua kabati la faili, tukaigusa diski ya ndani. Ilifunguka kwa kusomwa tu, si kwa kuandikwa, kwa sababu Windows haikuwa imezimwa inavyopaswa. Kwa haja yetu hiyo ilikuwa baraka, maana hata kama tungetaka kuharibu kitu tusingeweza. Tukaingia folda ya Users, tukaliona jina lake, na chini yake nyaraka zote zikiwa zimelala kama zilivyoachwa. Mradi ulikuwepo. Hojaji zilikuwepo. Na ndani ya folda aliyoiita "Nyanya" mlikuwa na faili sita za sauti.

Kabla ya kunakili chochote alibonyeza ya kwanza. Sauti ya mama yangu ikatoka kwenye spika ndogo zile, ikikohoa kidogo, ikiuliza kama kile kisimu kinasikia kweli. Mke wangu alitoka jikoni mikono ikiwa na maji, akasimama mlangoni. Nilimpigia dada yangu simu kijijini, nikaiweka karibu na spika bila kumweleza lolote. Kwa muda mrefu hakusema neno. Nilidhani laini imekatika.

"Huyo ni mama," akasema hatimaye. "Usimzime."

Hatukumzima. Tulimwacha aseme hadi mwisho wa faili ile, kisha ndipo tukaanza kunakili.

Kuukuu si kubovu

Faili zilipokuwa salama kwenye flashi ya pili, na baada ya kuzifungua kwenye tarakilishi nyingine kuhakikisha kwamba zinafunguka kweli, ndipo tulipoketi kujadili la kufanya na laptopu yenyewe. Tulikuwa na njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa kurudisha Windows 10. Microsoft yenyewe hutoa programu ya kutengenezea flashi ya Windows kwenye tovuti yake, nayo huhitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Tena, tarakilishi iliyokuwa na Windows 10 halali hutambuliwa na kampuni hiyo, kwa hivyo ukiisakinisha upya kwa toleo lile lile huhitaji kununua ufunguo mwingine. Wengi hawalijui hili, na ndio wanaowekewa Windows ya magendo pamoja na kile kiprogramu cha kuvunja kufuli, ilhali haki yao walikuwa nayo tangu mwanzo. Viprogramu vya namna hiyo mara nyingi huingia na wezi wa maneno ya siri mgongoni. Mtu anayelipia karo na kutuma pesa kupitia tarakilishi hana haja ya mgeni kama huyo.

Tatizo lilikuwa kalenda. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba itaacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi mmoja tu mbele yetu, na ikafanya hivyo. Watumiaji wa nyumbani waliopenda waliruhusiwa kuongezewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Mrithi wake, Windows 11, hudai kijisahani cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa jumla ni za kuanzia mwaka 2018 hivi. Laptopu ya mpwa wangu ilikuwa ya mwaka 2014. Kwa kipimo hicho ilikuwa imestaafishwa ingali na nguvu zake.

Njia ya pili ilikuwa pale pale mbele yetu, ndani ya flashi. Linux ilianza mwaka 1991, wakati mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki kwa jina Linus Torvalds alipotangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo wake mwenyewe, akawaruhusu wengine waone na kurekebisha alichoandika. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliongoza kutolewa kwa mfumo uliojengwa juu ya kazi hiyo, akauita Ubuntu. Neno hilo la ndugu zetu wa kusini halihitaji mkalimani kwa Mswahili; ni utu huo huo tuujuao. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakituma sidii za mfumo huo kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba. Linux Mint, tuliyokuwa nayo mkononi, imejengwa juu ya Ubuntu. Na mwaka ule ule wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, kutokana na uhuru huo huo wa kuruhusiwa kurekebisha kazi ya mwenzako.

Nilimwachia mwenye laptopu aamue. Alitumia mfumo ule kutoka kwenye flashi kwa siku nzima kabla ya kuamua: akajaribu mtandao wa nyumbani, sauti, kamera, printa ya saiba. Vyote vilipofanya kazi, aliibonyeza alama ya kusakinisha iliyokuwa pale pale kwenye uwanja. Aliulizwa lugha, aina ya kibodi, na kama afute diski yote au aweke mfumo mpya ubavuni mwa ule wa zamani. Alichagua kufuta yote, akiwa hana tena cha kupoteza. Kabla wali haujaiva kazi ilikuwa imekwisha.

Sitaki kukudanganya kwamba Linux ni dawa ya kila mtu. Mwanafunzi wa uchoraji wa majengo anayehitaji AutoCAD hataipata huko, wala mpiga picha anayetegemea Photoshop. Programu ya LibreOffice hufungua nyaraka za Word, lakini majedwali huweza kusogea hapa na pale, kwa hivyo mpwa wangu alijizoesha kumpelekea msimamizi wake kazi ikiwa PDF. Lakini kwa anayeandika, kusoma, kutafuta mtandaoni na kuhudhuria masomo kupitia kivinjari, mashine ile ya 2014 ilikuwa kazini tena, na pesa za tarakilishi mpya zikaenda kulipa karo.

Tahadhari kabla ya hatari

Kuna mambo machache ya kuzingatia. La kwanza, kama diski inatoa mlio wa kugonga-gonga, zima mara moja. Hilo ni gonjwa la chuma, si la programu, na kila dakika ya kuiwasha huongeza jeraha. Hapo mtafute mtaalamu wa kuokoa data.

La pili, tarakilishi nyingi za karibuni hufunga diski kwa kufuli ya siri. Windows huiita BitLocker. Ukikuta hivyo utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute leo uuandike mahali, kabla msiba haujabisha hodi.

La tatu, jihadhari na flashi za bei ya kutupa. Zipo zilizoandikwa gigabaiti 64 ilhali ndani hazifiki hata robo. Hupokea faili zako kwa heshima, kisha huzimeza. Programu za bure kama H2testw huweza kukuambia ukweli wa flashi kabla hujaiamini.

La mwisho ndilo kubwa zaidi. Flashi ya kuwashia huokoa pale ambapo diski ni nzima, lakini haifufui kilichokwisha potea. Kitu chochote ambacho moyo wako hautakubali kukikosa kiwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na nakala moja iwe nje ya nyumba unayoishi. Sauti ya mama yangu sasa iko kwa dada yangu kijijini, iko kwa ndugu yetu Mombasa, na iko mtandaoni. Moto, mwizi na stima haviwezi kuifikia yote kwa siku moja.

Mzazi mwenzangu, usiseme haya ni mambo ya vijana. Keti na mtoto wako Jumapili moja alasiri mtengeneze flashi hiyo mkiwa wawili. Yeye atakushinda kwa wepesi wa vidole, nawe utamshinda kwa subira ya kusoma onyo kabla ya kubonyeza. Ikiwa tayari, iandikeni jina kwa kipande cha karatasi na gundi. Msiiache izagae na kuishia kubebea filamu. Kila nyumba huweka mshumaa na kiberiti mahali panapojulikana, hata kama taa zinawaka. Iwekeni hapo hapo, kando ya kiberiti, ili giza likiingia pasiwe na wa kuuliza iko wapi.